Siku Tatu za Abdulatifu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko Nkwenda, Kimuli na Chonyonyo. Leo tunamkumbuka Bibi Mgeni, na nawaambia mapema, kumbukumbu hii inauma.

Mwaka 1909, huko Nkwenda, mama mkwe wake, Bibi Mwaja, alipooza upande mmoja. Kitanda chake cha kamba kilikuwa kifupi, karibu kugusa sakafu. Mwenyewe hakuweza kunyanyuka kutoka chini namna ile. Mgeni ndiye aliyemwogesha, akamgeuza, akamlisha, yote kwa kuinama. Miaka minne, wasikilizaji. Miaka minne ya kuinama.

Hakukaa kimya. Alimweleza mumewe, Abdulatifu, muuza nguo, kwamba fundi Kashangaki anaweza kuchonga kitanda chenye matendegu marefu yaliyotobolewa matundu. Unachomeka vijiti kwenye matundu ya juu, kitanda kinapanda, unaogesha umesimama. Unavishusha, mgonjwa anakaa miguu ikikanyaga chini. Abdulatifu akaona jeneza tu.

"Mama yangu yu hai. Simweki juu kama maiti."

Yakaishia hapo. Mgeni alipolalamika kiuno, akaambiwa ni uvivu. Jamani, uvivu!

Mwaka 1913 Mgeni akajifungua, akawa kitandani. Jirani akaja kumwogesha mgonjwa, lakini kumnyanyua ikawa kazi ya Abdulatifu. Siku ya kwanza alinyanyua. Siku ya pili alishika kiuno. Siku ya tatu akamwita Kashangaki. Mke miaka minne, mume siku tatu!

Kitanda kikaja, kikawekwa kimo cha goti. Bibi Mwaja akajisukuma kwa mguu wake mzima, akasimama, akaburuta mguu hadi mlangoni. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Latifu, mwenzio alikuambia mara ngapi?"

Na Mgeni alikuwa ameshapinda mgongo. Hakunyooka tena hadi alipofariki, mwaka 1918.

Nilimwamkia mjukuu wake, Bibi Maua wa Chonyonyo, nikamuuliza kitanda kiliishia wapi.

"Bibi alipofariki, maiti yake ilioshewa juu yake," akasema. "Walikipandisha hadi kiunoni. Mama yangu alikuwapo. Alikuwa akisema siku ile hakuna aliyeinama."

Bibi Maua, wewe na ukoo wote, poleni. Pole hii imechelewa miaka mia na zaidi, ipokeeni hivyo hivyo.

Na wewe unayenisikiliza umekaa, huku mtu nyumbani kwako ameinama juu ya mgonjwa, usingoje siku tatu zako. Zima redio, kamshike mgonjwa upande wa pili.