Pini ya Nne

Sogeeni. Sogeeni hapa kitandani wanangu wote watatu, na mlango ufungwe, maana ninayotaka kusema ni marefu na pumzi niliyobakiwa nayo ni fupi, na sitaki mama yenu mdogo ayasikie huko uani kwenye meza za kuanikia, kwanza kwa sababu yanamhusu yeye, na pili kwa sababu akiyasikia atacheka, na kicheko chake, Mungu anisamehe, kinanikera tangu akiwa na meno mawili.

Usinishike mkono, mkubwa. Ukinishika mkono nitadhani nimeshakufa. Keti.

Ya nyumba ni mepesi, tuyamalize. Nyumba ni yenu nyote na asiuze mtu hata bati. Wewe fundi, binti yangu, chukua kabati la nguo na mablanketi yote ya kufunikia vanila, yale mazito, na usiyakate kushona makoti ya watoto, nakujua. Wewe kitinda mimba, mwenye ndevu tatu unazozichana kila asubuhi kana kwamba ni shamba, chukua redio ya baba yenu na kiti chake. Shamba la juu la mfereji ni la mkubwa, kwa sharti nitakalolisema. Haya, hayo yamekwisha.

Sasa kuna hili. Jumatano anakuja Bwana Pua, yule mnunuzi anayefumba macho akinusa vanila kama mtu anayeswali, na anakuja na mkataba. Nimesikia, mkubwa, kwamba umeshajinunulia koti la kutilia sahihi. Limekukaa vizuri? Litunze, utalivaa siku nyingine. Bwana Pua haitaki nyumba hii wala hamtaki yeyote kati yenu. Anataka alama ya nukta nne, basi. Mnadhani alama hiyo ndiyo urithi wenu, na kwa miaka kumi na minane nimewaacha mdhani hivyo, na vyeti vyote vile ukutani, sita kwa hesabu yangu na saba kwa uongo wangu, vinasema hivyo hivyo. Sikilizeni basi jinsi vilivyopatikana.

Babu yenu alikuwa na mabinti wawili na shamba moja, akaligawa kwa mfereji. Juu mimi, chini mdogo wangu. Kisha akachukua vizibo viwili vya chupa, akapachika pini, kwa sababu mnajua ganda la vanila likidungwa likiwa bichi kovu halifutiki, hata lipikwe, lifunikwe, lianikwe mpaka liwe jeusi kama kamba ya kiatu, kovu linabaki, na mwizi akilipeleka kwenye mizani linamsema. Mimi akanipa pini nne, kama miguu ya kitanda. Yeye akampa tatu, kama mafiga. Nikafurahi, kwa kuwa nne ni nyingi kuliko tatu. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nina posa mbili mlangoni, na nilifurahia pini.

Lakini babu yenu akawa anasema neno lake. Mnajua ua la vanila: linafunguka asubuhi moja tu, jua likipanda limekwisha, na katika asubuhi hiyo ni lazima mtu aende na kijiti, ainue kile kiwambo kidogo, abonyeze kwa kidole gumba, maana lenyewe haliwezi kujioa, sisi ndio washenga wake. Mimi nilikuwa nachavusha maua mia na yanashika sitini. Mdogo wangu anachavusha mia yanashika mia, huku anaimba, huku anamwangalia ndege, huku anajikuna mguu kwa mguu mwingine. Na baba amesimama kwenye mfereji anasema, "Mdogo ana mkono." Hakusema kwamba mimi sina. Hakuwahi. Lakini kila aliposema "mdogo ana mkono," mimi nilijitazama wangu nikaona kama mwiko.

Wivu, wanangu, mimi nimeishi nao kuliko nilivyoishi na baba yenu. Baba yenu alikuwa anasafiri.

Halafu vanila si zao la mtu mwenye haraka, na mimi haraka nilizaliwa nayo. Miezi tisa ganda linaning'inia, na wewe unasikia kwa jirani wameibiwa, unasikia bei inashuka, unasikia mvua inakuja, basi unavuna mapema, maganda mabichi, na ukiyavuna mabichi hata uyatose maji ya moto kwa mahesabu ya daktari, uyafunike yatoe jasho, uyakande kila siku, yatanukia majani makavu na yatapata ukungu. Nimevuna mapema kila msimu wa maisha yangu. Mdogo wangu alingoja ncha ya ganda iwe njano, ganda moja moja, kama anachagua wachumba. Nikamwambia, "Wezi watakumaliza." Akanijibu, "Dada, mwizi naye ana haraka kama wewe, atakuja kwako kwanza." Akacheka. Na kweli walikuja kwangu kwanza!

Nipeni maji. Kidogo. Siyo hayo ya moto, mnataka kunitosa kama vanila?

Sasa ndiyo nafika. Kitinda mimba, ulikuwa na miaka minne, ukashikwa na homa, ukawa unarusha miguu. Baba yenu yuko safarini. Mimi nikasema mgongo unaniuma, na mgongo haukuwa unauma, ila jua lilikuwa limekuchwa, barabara ndefu, nami nimechoka na nimenuna, kwa sababu siku ile ile mdogo wangu alikuwa amemaliza kuvuna mkupuo wa kwanza na kikapu chake nilikiona kinapita mlangoni kwangu kimefura. Akakiweka kikapu stoo, akakubeba wewe mgongoni, akatembea mpaka hospitali, akakaa nawe siku mbili. Sikiliza vizuri, usiinamishe kichwa. Yeye amekubeba wewe, na mimi, mchana kweupe, jua la utosini, nimeingia stoo kwake na sindano ya kushonea mkononi.

Mafiga matatu ukiyaongezea moja yanakuwa miguu ya kitanda. Ndivyo nilivyofanya. Ganda kwa ganda, nukta moja zaidi. Nilikuwa na maarifa, nikayatoa ya juu, nikadunga yale ya chini, nikayarudisha chini, na ya juu nikayarejesha na tatu zake ili asishtuke. Maganda mia mbili. Kidole kiliota malengelenge, na msidhani niliona aibu. Nilikuwa naimba, mimi nisiyeimba.

Siku ya mizani nikaenda mapema, nikamnong'oneza yule mpimaji wa ushirika, Bwana Mizani, kwamba nimeibiwa na sitaki kumtaja mtu, nikamtaja. Kikapu kikamwagwa mezani mbele ya watu wote. Bwana Mizani macho yake hayakuwa mazuri hata ujanani, akaokota ganda akalileta puani, akahesabu, "Moja, mbili, tatu, nne." Akaokota jingine. "Nne." Hakuona kwamba vilikuwa vitanda vilivyopinda, mguu mmoja umekwenda huku, mwingine kule. Mdogo wangu aliona. Alichukua ganda moja, akapitisha kidole gumba juu yake, akanitazama. Akasema neno moja tu: "Dada?"

Nikatazama mizani.

Sheria ya ushirika mnaijua: anayekutwa na alama ya mwenzake, kizibo chake kinachomwa na hapimiwi tena maisha yake yote. Kikachomwa palepale. Kizibo kinanuka kikiungua, si kama kuni. Zile pini tatu zilibaki kwenye majivu, na hapana aliyeziokota.

Mnadhani nililala vizuri? Nililala vizuri sana. Wiki nzima. Kisha asubuhi moja mlango ukagongwa, nikafungua, mdogo wangu amesimama na kikapu cha mkupuo wa pili. Akasema, "Dada, mimi sina mizani. Niuzie." Ningesema nini? Ningesema siuzi vitu vya mwizi? Nikapokea. Nikamkatia kizibo kingine, nikampa pini nne, akawa anadunga alama yangu shambani kwake, na yakishaiva anakuja kuyaanika hapa uani kwangu, kama mnavyomwona hadi leo, na ninyi mmekua mkidhani mama mdogo anasaidia kazi.

Msimu uliofuata Bwana Pua akaja kwa mara ya kwanza. Akapita kwenye meza ya shamba la juu, vanila yangu, akanusa, akapiga chafya. Akapita kwenye meza ya shamba la chini, akanusa, akafumba macho mpaka nikadhani amezimia. Akasema, "Mama, hii nukta nne yako, sijapata kuona." Nukta nne yangu! Watu wakapiga makofi. Nikapewa cheti cha kwanza. Mimi nimesimama pale nasifiwa, na kila sifa inaingia kama ile sindano, kwa kuwa najua inakwenda wapi. Nilitaka jina lake life, nikajikuta nalilisha kwa kijiko, nami nalibeba mgongoni na kulipandisha jukwaani. Miaka kumi na minane nimeyaonea wivu mafanikio yangu mwenyewe. Nani mwingine mmemsikia na ugonjwa huo?

Msicheke. Haya, chekeni kidogo. Lakini si kwa sauti, atatuingilia.

Na kuna jambo moja linaloniuma kuliko kifua hiki. Miaka michache baadaye, tuko hapo uani, mimi na yeye, tunakanda vanila mezani, kila mtu upande wake, akasema bila kuinua macho, "Dada, vile vitanda vyako siku ile, vilikuwa na mguu mmoja mrefu." Akacheka, akaendelea kukanda. Basi! Hakurudia. Hakumwambia mtu. Kesho yake akaja na uji, akanishangaa kwa nini sili. Wanangu, kanizidi mkono, kanizidi meno, kanizidi subira, na mwisho kanizidi hata kusamehe, na wala hakujitahidi, ni kama yale maua yake, anagusa tu na kinashika. Mimi nimejaribu kumsamehe kwa kunizidi, miaka yote hii, na sijaweza. Leo bado. Naomba mjue kwamba namrudishia chake huku roho bado imevimba. Ningengoja ipoe tusingefika, na Jumatano ni kesho kutwa.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na mkubwa wewe ndiye msemaji. Jumatano, kabla Bwana Pua hajakalia kiti, mtakwenda ushirika ninyi watatu, mama yenu mdogo mbele, ninyi nyuma. Mtasimama kwenye mizani ile ile na kusema niliyosema, msipunguze, na ile sindano na kule kuimba mvitaje. Mtaomba alama yake irudi. Bwana Mizani amestaafu lakini mzima. Mleteni, na miwani avae. Vyeti viteremsheni vyote, mpelekeeni, akitaka afungie vitumbua. Mkataba ni wake. Ukisainiwa kwa jina lenu hata nukta moja, mimi huko niliko sitatulia, na mnajua nikiwa situlii nilivyo. Na lile sharti la shamba, mkubwa: utalima la juu, ila utajifunza kwake, utangoja ncha iwe njano. Akikwambia ngoja, ngoja. Na wewe kitinda mimba, yule mwanamke akizeeka ni wako. Mgongo wake unauma kweli.

Kizibo. Kiko chini ya mto. Kitoe... hapo, ndicho hicho. Cha babu yenu chenyewe. Tazameni: pini nne. Ile ya pembeni ikitoka yanabaki mafiga. Ndiyo alama yake. Hatuhitaji hata kizibo kipya. Lete niing'oe.

Haitoki. Vidole... ona, hata hapa mkono sina.

Wewe fundi. Njoo. Wewe umezoea kushika pini kwa meno. Ng'ata. Vuta. Taratibu, usijidunge... Ee. Imetoka? Nionyeshe. Ndogo hivi.

Nipe. Hapana, usiitupe. Hii nichomekee kwenye nguo mtakayonizikia, hapa, upande huu. Hii ndiyo yangu. Kila kingine kilikuwa chake, lakini hii... hii hawezi kunizidi.

Sogeza taa. Ni mchana? Basi fungua dirisha.

Wanangu. Mungu awakuze. Mkigusa kitu kishike. Mmoja wenu akisifiwa, wengine pigeni makofi, na mikono ikikataa... ikikataa pigeni hivyo hivyo. Nimewapenda nyote sawa, na baba yangu naye labda... labda alitupenda sawa. Sikuwahi kumuuliza.

Mnamsikia? Anacheka nini huko? Peke yake na vanila, anacheka.

Mwiteni. La, ngojeni. Nifungeni kilemba kwanza, kile cha bluu, na mniinue kwenye mto. Kinyooshe. Asinikute... ananikuta kila siku yeye mzuri mimi nimelala.

Hivyo. Sasa mwiteni. Kizibo mpe wewe, kitinda mimba. Mpe mkononi.

Mimi nitamtazama.