Mashine Haina Kabila

Zima redio, Hamza, na wewe Shufaa sogeza kiti karibu na mto wangu, maana pumzi iliyobaki sitaki kuimaliza kwa kupaza sauti. Mama yenu Mwanakhamisi akae hapo hapo mlangoni, mgeni yeyote asubiri nje mpaka nimalize. Nisikilizeni, wanangu, bila kunikatiza, ingawa najua Shufaa hilo hataliweza.

Nyumba hii na shamba la Uyole sina la kusema juu yake. Shehe atagawa kama dini ilivyoagiza, mimi siongezi wala sipunguzi. Ninalotaka kulisema linahusu kibodi.

Msitazamane. Najua mmekua mkiziruka sebuleni, na shuleni mlichekwa kwamba baba yenu anaokota vyuma vya ofisini. Mama yenu naye aliwahi kuniambia nichague, kitanda ni cha mke au ni cha kibodi. Ziko thelathini na saba. Nilizitoa kwenye stoo za ofisi zilizofungwa, kwenye misheni, kwenye karakana za hapa Mbeya, zile nzito za zamani ambazo kila kitufe kina springi yake, ukiandika unasikia kama mvua ya mawe juu ya bati. Plagi zake za mviringo haziingii kwenye kompyuta za leo, basi nikawa nakata, nalehemu, naunganisha saketi mpya ndogo, mpaka kibodi ya mwaka themanini na sita inazungumza na mashine iliyonunuliwa jana. Baada yenu ninyi, sikuwa na furaha nyingine kubwa kama hiyo. Gaweni nusu kwa nusu, na atakayechoka nazo asiwape watu wa chuma chakavu.

Mwambieni pia Dastan, yule seremala wa Mafinga, kwamba nimemaliza ugomvi naye. Alinitengenezea makasha ya kibodi kwa msonobari mbichi, yakapasuka, nikamtangaza mji mzima kwamba si fundi. Nilikuwa mwepesi sana wa kutangaza kosa la mtu mwingine. Ndiyo maana nawaita leo.

Kibodi moja msiihesabu kwenye mgawo. Iko chini ya kitanda hiki, nimeifunga kwa kanga. Hiyo ni ya Verediana wa Ipogolo, kule Iringa.

Hamkumjua. Tulifanya kazi chuo kimoja hapa mjini, mimi fundi wa kompyuta, yeye mpiga chapa. Alijifunzia kwenye taipureta, vidole vyake vilikuwa na nguvu na mbio, na kibodi hizi mpya za plastiki alizichukia. “Kaka Isihaka,” aliniambia, “hizi nikibonyeza hazinijibu, ni kama kubonyeza ugali.” Nikamtengenezea moja ya zamani. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kubadili waya zote kwa mkono, na kila mgeni aliyeingia ofisini nilimpeleka akamwone Verediana anavyopiga, macho kwenye karatasi, vidole vinakimbia vyenyewe.

Mwaka ule, miaka kumi na mmoja iliyopita, alipewa orodha ya majina ya wahitimu, na ilitakiwa iondoke siku hiyo hiyo na basi la mchana kwenda kuchapwa vyeti. Vyeti vikarudi. Mwakalinga amekuwa Mwakaringa. Luvanda amekuwa Ruvanda. Kalolo amekuwa Karoro. Si wote, ila wengi, na cheti ambacho jina lake halifanani na la kuzaliwa mnajua kinavyomtesa mwenyewe. Mkuu wa chuo akatuita. Verediana akasema, “Mimi niliandika L.” Mkuu akasogea kwenye kibodi, akabonyeza L kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayegusa pasi ya moto. Ikatoka L. Akabonyeza tena. L. Akanigeukia mimi, akauliza kama mashine inaweza kukosea.

Sasa sikieni nilichosema. Nilisema, “Mkuu, mashine haina kabila.”

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Jofrey wa stoo alicheka mpaka akashika meza. Maana Verediana ni Mhehe, na mdomoni alichanganya hizo herufi mbili, alisema “kalibu” na “habali” kama wengi wa kwao, na mimi, mjukuu wa watu wa pwani, nilijiona Kiswahili nimezaliwa nacho, wengine wameazima. Lakini nilimjua. Nilikuwa nimesoma barua zake mamia. Mdomoni alichanganya, vidoleni hakuchanganya hata siku moja. Nililijua hilo nikiwa nacheka.

Wakamwachisha kazi. Kibodi ikarudishwa mezani kwangu, nikaifungua ili niitoe vumbi, nikaona. Waya wa L nilikuwa nimeupitisha juu ya waya wa R, na chuma changu cha kulehemu kilikuwa kimeunguza plastiki yake, ikamomonyoka kidogo kidogo mpaka shaba ikawa uchi. Ukibonyeza polepole, L inatoka L. Ukipiga kwa nguvu na mbio, ubao unacheza, waya zinagusana, L inatoka R. Kibodi ile ingemkosesha mtu mmoja tu chuo kizima, yule aliyejua kuitumia.

Ilikuwa Jumatano. Verediana aliondoka Ijumaa. Siku mbili nilizokuwa nazo nilizitumia kutafuta maneno, na Ijumaa nikaenda stendi, nikamsaidia kupakia begi kwenye basi la Iringa. Akanishukuru. Nikamwambia safari njema. Shufaa, nipe maji.

Mwaka jana niliposema nakwenda Iringa kutazama kibodi, nilidanganya. Nilikwenda Ipogolo. Nilimkuta anachambua maharage, akasimama, akanishika mikono miwili, akamwita mjukuu wake Yusta: “Njoo usalimie, huyu ndiye fundi aliyenitengenezea ile mashine nzuri.” Alinipikia. Wakati anapakua, yule mtoto akaniambia kwamba zamani bibi alikuwa msomaji wa masomo kanisani, siku hizi hakubali, anasema kuna herufi mbili zinamponyoka hata kwenye vidole, na mtu wa namna hiyo asisimame mbele za watu na Neno la Mungu. Hata barua za kuwapelekea wanawe humpa Yusta aandike. Mnaelewa? Wale wengine walicheka wakasahau. Yeye aliniamini. Nilikula chakula chake, nikaondoka bila kusema.

Mungu anaweza kunisamehe yaliyo yake. Yaliyo ya Verediana yako mkononi mwa Verediana, na nikifa nayo nitakwenda nayo. Basi nawaagiza: nikishazikwa, mpelekeeni kibodi hiyo, waya zake nimezitenganisha upya. Mfungulieni mumwonyeshe palipokuwa na kosa. Hamza, uandike barua kwa chuo, useme ni Isihaka aliyekosea, utaje jina langu na la baba yangu. Na mimi mniombee radhi...

Unasemaje, Shufaa? Sema mama yako naye asikie.

Kweli. Kweli mwanangu. Kwa nini niwatume ninyi mkaombe radhi ya kosa nililolifanya mimi, na sasa hivi nina ulimi bado. Nilitaka nimwambie nikiwa sipo, asiweze kunijibu. Umenishika.

Mkono wako, Shufaa. Na wako, Hamza. Mungu awape riziki ya halali, awape ujasiri wa kusema “ni mimi” siku ile ile, awalinde na kicheko kama kile changu. Barua iandike hivyo hivyo. Mama yenu msimwache peke yake. Nimewaridhia, wote wawili.

Sasa chukua simu, Hamza. Namba imeandikwa Ipogolo. Iweke hapa sikioni, mkono wangu hau... hapo. Inaita.

Dada Verediana? Ni Isihaka. Isihaka wa Mbeya. Hapana, si mzima sana. Nisikilize kidogo, dada. Yale majina... uliyaandika sawasawa. Yote. Ni waya wangu. Niliuona kabla hujaondoka. Niliuona, na begi nikakubebea.

...Amenyamaza. Usikate, Hamza. Nasikia anapumua, yupo. Muda wa maongezi ukiisha, ongeza mwingine. Mwache anyamaze anavyotaka. Mimi... nipo. Nasubiri.