Mashine Iliyorudi Mbwajumali Bila Harith

Mgeni rasmi, Bwana Hudson, pamoja na wote mlioshuka naye botini, assalaam alaykum.

MAKARIBISHO
Sisi wanakikundi cha Mashua ya Wagonjwa twakukaribisha Mbwajumali. Kahawa ipo, halwa ipo. Tuliagizwa tuandike risala fupi ya shukrani kwa mashine ya boti uliyotutangulizia, na tukaambiwa tusifungue kifuniko chake hadi ukate utepe. Tumekifungua. Utuwie radhi, na usipotuwia radhi, tumekifungua.

TULIKOTOKA
Sisi hatusahau. Mgeni mmoja alituzindulia tangi lisilo na bomba, tukampigia makofi. Mwingine alituzindulia gati, akaondoka na mkasi; gati lenyewe halijaja. Mwaka juzi nahodha wetu Harith alimpakia Mwanatumu, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, pamoja na mama yake mzazi, awapeleke hospitali Lamu. Hawakufika. Tukaambiwa wametafutwa na hakuna kilichopatikana, si mtu, si boti, si ubao. Thuwaiba, mkewe Harith, hajakaa eda hadi leo, kwani hakuna aliyeweza kumwambia mumewe amekufa. Si mke, si mjane.

MAFANIKIO
Mafanikio yetu ni masikio. Hapa kila nyumba yaijua mashine yake. Mume akiingia mkondoni, mke husikia mlio, huinjika sufuria. Akifika, chakula ki tayari. Hakuna aliyewahi kumpikia mume wa mwenziwe.

CHANGAMOTO
Mashine kuukuu haipokewi kwa rangi yake. Juzi alasiri fundi wetu Idris aliichunguza hii yako. Nje inang'aa. Ndani, chumvi imeganda hadi kwenye nyuzi za skrubu, na oili ya gia imekuwa nyeupe kama tui. Mashine hii ililala chini ya bahari. Hata hivyo tuliitia kwenye pipa la maji, Idris akavuta kamba, ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Ikakohoa mara mbili, ikatulia. Mlio ukasambaa hadi majumbani.

Nyumba ya tatu kutoka hapo, Thuwaiba akainjika sufuria.

"Wampikia nani, we Thuwaiba?" akauliza jirani yake, Bi Zamzam.

"Huyo yuwaya, yu mkondoni. Humsikii?"

"Hiyo ni mashine ya mgeni, imo ndani ya pipa."

"Mashine ni ya Harith. Niache, wali utaungua."

Idris akaizima, akachomoa pini ya panga, ile inayoshikilia mapezi yanayosukuma maji. Ilikuwa ya shaba. Aliichonga yeye mwenyewe, kwa bawaba ya mlango wa nyanya yake, wakati Harith alipokosa kipuri Lamu nzima. Akaketi mchangani, pini kiganjani.

Tukamwaga petroli yote. Jana alasiri, mashine ikiwa kavu chini ya turubali, Thuwaiba akainjika tena. Sisi hatukusikia kitu. Ila Bi Zamzam, aliyekuwa akimkejeli juzi, alitoka mlangoni akautazama mkondo, na hajatwambia alisikia nini.

MAOMBI
Hatuombi mashine nyingine. Hii nayo hatuirudishi, ni ya kwetu. Watu wako walisema imenunuliwa kwa mtu. Mtu huyo, au aliyemuuzia, aliitoa baharini, na mashine haiogelei peke yake: ilifungwa kwenye boti, na botini mlikuwa na watu watatu. Yuko anayejua mahali. Aliiosha, akaipaka rangi, akanyamaza.

Bwana Hudson, tutajie jina la mtu huyo hapa, mbele ya Thuwaiba, tuliyemketisha mstari wa kwanza kwa makusudi. Akishajua yaliyompata mumewe, ataingia ndani kukaa eda yake, nasi tutawasalia wetu.

Utepe haujakatwa. Sema kwanza.

Mola awarehemu waliotutoka, akufikishe kwako salama, na aufungue ulimi wako.

Imesomwa na Khatib, katibu, kwa niaba ya sisi sote,
Kikundi cha Mashua ya Wagonjwa, Mbwajumali.