Mama Eva, Ambaye Jina Lake Halitasomwa Leo

Ndugu waombolezaji, mlioshika ratiba hii mmeona kwamba kwenye jalada kuna picha, kuna tarehe mbili, na pale panapokaa jina pako wazi. Si kosa la mchapaji. Marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na binti yake wa pekee, Eva, anayewasomea wasifu huu, ameapa kutii, ingawa shangazi zake wameshamwuliza mara tatu kama uchungu umemchanganya akili. Kwa Wamaasai, alikozaliwa marehemu, jina la mtu aliyekufa halitajwi. Ukilitaja unamwita, na aliyeitwa huja. Kwa hiyo humu ataitwa Mama Eva, kama Buger nzima ilivyomwita kwa miaka thelathini na saba, na wazee wa kwao waliotangulia hawatatajwa pia. Paroko amekubali. Amesema Mungu anamjua mtu wake bila kuelekezwa.

Mama Eva alizaliwa katika boma moja karibu na Engaresero, chini ya Oldoinyo Lengai, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Vyeti vinasema tarehe 1 Julai 1957, lakini tarehe hiyo alipewa na mwalimu aliyekuwa akiandikisha wanafunzi huku ana haraka ya kwenda kula. Mama yake alichokumbuka ni kwamba asubuhi ile mbuzi waligoma kutoka zizini mpaka mtoto alipolia.

Mwaka 1966 kila boma liliagizwa kutoa mtoto wa shule. Baba yake alimtoa yule aliyeona hatamkosa sana, yaani msichana aliyeshinda akichora kwa mkaa badala ya kuchunga ndama. Akiwa darasa la tatu alichora ubaoni ng'ombe wa mwalimu mkuu, pamoja na alama ya moto pajani. Mzazi mmoja aliyefika shuleni siku hiyo akaitazama ile alama, akatazama tena, akasema, "Huyu ng'ombe ni wangu, alipotea mwaka juzi." Mwalimu mkuu, ambaye maskini alimnunua mnadani bila kujua, ilibidi amrudishe. Msichana alipata viboko viwili, na tangu siku hiyo ikajulikana kwamba jicho lake halidanganyi. Alisoma sekondari Arusha kuanzia 1974, kisha akapata shahada yake ya kwanza Dar es Salaam mwaka 1983.

Aliporudi chuoni kwa shahada ya pili, alichagua kuchunguza michoro ya ngao. Wengi wenu mnajua orpul, kambi ya porini ambako morani hukaa wakila nyama ili wapate nguvu. Katika mapango wanamolala, morani walikuwa wakichora ngao zao ukutani kwa udongo mwekundu na chokaa. Kati ya 1984 na 1986 Mama Eva alitembea na wazee saba waliozichora ngao hizo ujanani, akaandika kila mstari na maana yake. Tasnifu ilipokuja kupigwa chapa mwaka 1988, sita kati yao walikuwa wamekufa. Chuo kilimfundisha kwamba mtu mwenye adabu hushukuru. Basi akaandika ukurasa wa shukrani, na humo akawapanga wazee wale sita kwa majina yao kamili.

Alimpelekea mzee wa saba nakala, akamsomea mlangoni pa boma mchana kweupe. Alipofika kwenye shukrani, mzee alijifunika uso kwa shuka.

"Umewaita, binti yangu," alisema. "Wote sita, na kwa sauti. Sasa watakuja kukuuliza umewaitia nini."

"Nimewashukuru tu, baba."

"Basi na wao siku moja watakushukuru."

Mama Eva alisimulia jambo hilo akicheka kwa miaka mingi. Lakini mzee yule alipofariki, hakuliandika jina lake popote, wala hakuwahi tena kuufungua ukurasa ule. Msomi ni msomi, na kwao ni kwao.

Tarehe 13 Desemba 1986 alifunga ndoa na Josephati Bura, mkulima wa hapa Buger, ambaye kwa kuwa ni Mwiraqw tunaweza kumtaja bila hofu. Wairaqw na Wamaasai wana historia ndefu ya kuchukuliana ng'ombe, na siku ya mahari mjomba mmoja aliuliza kama hao wanaopelekwa Engaresero si wajukuu wa wale waliotoroshwa Buger zamani. Walicheka, wakala, na ndoa ikadumu mpaka Josephati alipofariki tarehe 4 Mei 2014. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Eva, mwaka 1988.

Kuanzia 1989 hadi kustaafu kwake mwaka 2017 Mama Eva alikuwa afisa utamaduni. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo wengi wenu hamkuijua, kwa sababu ilikuwa ya siri. Mwaka 2009 Mfuko wa Tafiti za Sanaa za Kale ulimwomba awe mpitiaji wa kujitolea. Watafiti wa historia ya sanaa wanaoomba fedha hupeleka andiko, na watu wanaoijua mada hulisoma na kulipatia alama. Mwombaji hajui kamwe ni nani aliyemsoma. Mama Eva alikuwa Mpitiaji Namba 31, basi. Kila Desemba ilikuja barua ya shukrani, na barua nayo haikuwa na jina.

"Wanakulipa nini?" Josephati alimwuliza mwaka wa kwanza.

"Barua."

"Inaliwa?"

"Hailiwi, baba Eva. Niache nisome."

Alisoma asubuhi baada ya kukamua, amekaa kwenye kilima nyuma ya zizi, mahali pekee ambapo mtandao ulishika. Kila andiko alilisoma mara tatu. Mara ya kwanza alitafuta wanachosema, mara ya pili wanachoficha, na mara ya tatu alitafuta ni nani ataumia. Alama ya juu ilikuwa saba, na kwa miaka kumi na sita hakuwahi kuitoa. Akimkataa mtu alimweleza sababu kwa upole na kwa urefu. Alisema hata jirani ukimkatalia njia shambani kwako, unamwonyesha mahindi yatakayokanyagwa.

Jumatatu ya tarehe 3 Machi mwaka huu alipokea andiko la msichana aitwaye Nasha Sitonik, wa kutoka Ngorongoro, aliyetaka kuzirekodi ngao zile zile kabla moshi na mvua havijazimaliza. Mama Eva alifurahi mno, maana tangu tasnifu yake hakuna aliyezijali. Kisha akafika ukurasa wa kumi na nne. Palikuwa na orodha ya watoa habari waliotangulia mbele za haki. Wale wazee sita walikuwepo, kwa majina kamili. Wa saba alikuwa yeye mwenyewe, na mbele ya jina lake: alifariki 12 Agosti 2025, akazikwa Buger.

Kwanza alicheka. "Huyu binti amenizika kabla hata mahindi hayajabeba," alimwambia Eva. Eva hakucheka. Siku ya pili jina lilikuwa palepale. Mama Eva akashuka Karatu mjini kwa Brigita, mwenye steshenari, akamwomba amchapie ukurasa huo mmoja tu. Karatasi ilipotoka Brigita aliishika kwa ncha za vidole.

"Mama Eva, samahani. Huyu wa mwisho si wewe?"

"Ni mimi, mwanangu. Nipe bahasha."

Kanuni za Mfuko ziko wazi: mpitiaji akitajwa ndani ya andiko, hana budi kusema na kulirudisha, maana huo ni mgongano wa maslahi. Mama Eva hakuwa mtu wa kupindisha kanuni. Aliiandikia ofisi ya Mfuko siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja Alhamisi, na Eva analo: "Tumeangalia ukurasa wa kumi na nne. Una majina sita. Hujatajwa. Tafadhali endelea."

Hapo ndipo alipoogopa, na alisema wazi kwamba ameogopa. Mdogo wake, Parmuat, alipopata habari alikuja kutoka Engaresero bila hata kupumzika njiani. Alikataa chai, akasema akiwa amesimama.

"Dada, likatae. Andiko likikataliwa linakufa, na yote yaliyoandikwa ndani yake yanakufa nalo. Likipita, litachapwa, litasomwa na dunia nzima, na wewe utakuwa umeitwa kama ulivyowaita wao."

"Na huyo msichana kosa lake ni lipi?"

"Kosa lake silijui. Najua wewe ni dada yangu."

"Parmuat, andiko ni zuri. Ni zuri kuliko langu."

"Zuri litakufaa nini kaburini?"

Eva anakiri mbele yenu leo kwamba na yeye alimsihi mama yake alikatae, na kwamba alipiga magoti. Kulikataa kulikuwa rahisi mno. Mpitiaji mmoja akiandika "mbili" badala ya "saba", hakuna anayeuliza, na hakuna atakayejua ni nani. Kwa siku nne Mama Eva alipanda kilimani na kushuka bila kuandika neno. Siku ya tano, Jumanne ya tarehe 11 Machi, alilipatia andiko lile alama saba. Chini yake akaandika sharti moja kwa mwombaji: "Futa majina ya wazee hawa. Wataje kwa ukoo na rika lao, yatosha. Mimi niliwahi kukosea hapo, na sikuwaomba radhi." Akatuma, akafunga kompyuta, akaenda kupalilia maharage.

Mwezi Juni alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Hospitalini walisema ni moyo, wakampa dawa, na dawa alizimeza zote kwa saa zake, maana hakuwa mtu wa kujitafutia kifo. Julai alipata nafuu, tukaanza kusema kwa sauti ndogo kwamba karatasi ni karatasi tu. Eva aliomba likizo kazini kuanzia tarehe 10 Agosti. Alijiambia kwamba akiivusha siku ile moja, mama yake ataishi miaka tisini.

Jumanne ya tarehe 12 Agosti Mama Eva aliamka na nguvu. Alikunywa uji, akamaliza kikombe. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni hadi uani. Akaomba kiti chake kitolewe nje, kielekee upande wa bonde. Ilipofika saa tatu na nusu alinyoosha shingo kama mtu anayemtambua mgeni kwa mbali.

"Eva, wageni wamefika. Toa viti."

Eva alitazama. Palikuwa na ukungu na kuku wawili. "Wangapi, mama?"

"Unaijua hesabu yao."

Eva angeweza kukataa. Lakini hapa kwetu mgeni hasimamishwi, hata usiyemwona, na mama ni mama. Alitoa vigoda sita akavipanga mbele ya mama. Mama Eva akaanza kuzungumza Kimaasai, taratibu, akinyamaza mara kwa mara ili asikilize. Eva hakukua na lugha hiyo, lakini maneno mawili aliyaelewa: samahani na asante. Asante ilitajwa mara nyingi, na si zote zilikuwa za mama yake. Eva anaapa kwamba zipo alizozisikia huku midomo ya mama imefungwa. Saa nne kamili kuku walikimbia. Mama Eva alikuwa ameinamisha kichwa, na alikuwa ameshaondoka.

Kilio kilipoanza watu walijaa, na hakuna aliyekumbuka vigoda. Saa kumi na moja jioni, tangazo lolote likiwa bado halijatolewa, pikipiki ilisimama njiani na msichana akashuka, amejaa vumbi la Engaresero. Alikuwa Nasha. Hakuwa na habari ya msiba, wala hakujua aliyemsoma ni nani. Alikuwa anatoka kwenye mapango kwenda Karatu mjini.

"Shikamoo, dada. Wewe ndiye Eva?" aliuliza. "Saa saba hivi, juu ya Mto wa Mbu, nimekutana na wazee wanateremka kwa miguu, na mama mmoja katikati yao. Walikuwa wanaongea sana, wanacheka. Yule mama alinisimamisha. Akasema nikifika juu nipinde Buger, nyumba ya Mama Eva, nikwambie uvirudishe ndani vile vigoda, umande utaviharibu."

Eva aliviingiza kimoja kimoja. Kisha akamletea Nasha ule ukurasa uliochapwa kwa Brigita. Nasha aliusoma, akasema maandishi ni yake, ila jina la saba hajawahi kuliona. Majina sita alikwisha kuyafuta tangu Aprili, kama alivyoshauriwa. Jana jioni ukurasa huo uliwekwa ndani ya jeneza, chini ya mikono ya marehemu, ili mtu asiusome tena.

Mama Eva ameacha binti yake Eva. Wajukuu wawili, Emmanueli na Kakenya. Mdogo wake Parmuat pamoja na ndugu wengine wa Engaresero. Mawifi na mashemeji wa Buger na Daa. Na Nasha, aliyebaki nasi tangu Jumanne na kuchota maji kama mtoto wa nyumbani. Ameacha pia watafiti wengi katika nchi nyingi, waliosahihishwa kwa upole na mtu wasiyemjua.

Leo Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2025, tunamlaza kando ya Josephati. Eva anawaomba jambo moja. Mkimkumbuka, na mtamkumbuka, semeni "Mama Eva", au nyamazeni. Apumzike, asiamshwe. Tunampenda mno, na kwa sababu hiyo hatutamwita.