Nilimwombea Mapendo Badala ya Kumfundisha

Ndugu zangu, sifa ni za Bwana. Aibu ni yangu. Naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Nilifika hapa Nakivale, katika kambi hii ya wakimbizi, nikikimbia vita vya tisini na sita kule Kivu Kusini. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na kushona nilikujua tangu Uvira, basi baada ya miaka michache nikapata kazi Mbarara, katika karakana ya sare za shule. Mwenye karakana, mama Mganda, aliniweka msimamizi wa mafundi. Wengi wetu tulikuwa Wakongo tuliookoka. Kila asubuhi, kabla ya mtu kugusa cherehani, tulishikana mikono tukaomba. Mimi ndiye niliyeongoza.

Hapo ndipo nilipopotea! Fundi akikosea, sikumwita pembeni. Sikuketi naye. Nilingoja maombi ya asubuhi, nikamtaja kwa Mungu mbele ya wenzake: "Bwana, mfungue dada yetu kutoka roho ya uzembe!" Wote waliitikia Amina. Nani angebishana na maombi? Tena nilijiona mpole, maana sikumtukana mtu.

Kulikuwa na Mapendo, mjane kutoka Fizi. Alishona shati vizuri, ila kola zilimshinda. Ncha moja ilisimama, nyingine ililala. Nilimwombea karibu kila siku, mpaka wenzake wakaanza kumtania: "Mama Kola, pepo imetoka ao ingali?" Alicheka nao. Lakini siku moja alinifuata mlangoni.

"Baba, unionyeshe tu. Mikono yangu haijue."

Nikamjibu, "Ufunge, mama. Jambo hili halitoki bila kufunga."

Ndugu zangu, alinitii! Alifunga huku akishona kutwa. Mchana mmoja kizunguzungu kikamshika, sindano ikapita katikati ya kidole chake. Nilipokuwa namfunga kitambaa, aliniangalia bila hasira.

"Baba, nilikuomba kola, ukanipatia njaa."

Kidole kilipona, lakini hakikujikunja tena. Mapendo akarudi huku kambini kulimia watu. Mwenye karakana akaleta binti mwingine, akaniambia: "Muzee, maombi ni mazuri, lakini hapana shona kola. Kaa na huyu, fundisha yeye."

Nikaketi. Nikamwonyesha yule binti jinsi ya kupunguza kitambaa kwenye pembe kabla ya kuigeuza kola, na kuisukuma ncha polepole kwa kijiti. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amejua. Asubuhi moja, ndugu zangu! Asubuhi moja tu ndiyo niliyomnyima Mapendo! Nililia mbele ya mafundi wote. Siku hiyo Bwana alinifungua mimi, maana aliyekuwa amefungwa ni mimi. Uvivu wangu niliuvika joho la maombi, nikauita huduma.

Nilimfuata Mapendo shambani, upande wa Rugaaga, nikamwomba msamaha. Alinipa maji ya kunywa. Akasema amekwisha kunisamehe. Lakini niliposema tuombe pamoja, alishika jembe lake.

"Omba weye, Baba. Mimi, nikiona mutu anafunga macho, ninangoja tu jina langu."

Mpaka leo haingii kanisani. Huo ndio uchungu ninaolala nao.

Namshukuru Bwana aliyenivumilia. Ananivumilia hata sasa! Wewe uliye na watu chini yako, dukani, shambani, hata kwenye kwaya, mtegemee Yeye. Hatakuacha kama hakuniacha mimi. Kisha vuta kiti, ukae karibu na anayekosea, umwonyeshe kwa mikono yako. Na mkikutana na Mapendo njiani, tafadhali, msimwambie kwamba mnamwombea. Msalimieni tu, mkamtue mzigo, mumbebee mpaka nyumbani.