Jina la Muuaji

Taksi ya kutoka Mbarara ilikuwa imepita Kabingo Orpa alipomtambua kijana wa kiti cha mbele: Appolinaire, mwandishi wa hadithi za upelelezi zinazosomwa katika kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale. Akatega sikio bila haya.

“Hadithi zako ni tamu mingi,” bibi mmoja mfugaji alikuwa akimwambia. “Lakini juu ya nini muuaji ni Appolinaire kila mara?”

“Mama, nikimupatia jina la kabila ya kwenu, mutasema ni matusi. La kwetu, ndugu zangu banakasirika. Basi anabeba langu.”

Orpa, aliyekuwa akimdhania mvivu wa kubuni majina, aliona aibu.

“Na mama yako anasomaka?” bibi akauliza.

“Anasomaka. Analiaka.”

Taksi ikasimama Base Camp. Bibi akashuka, akageuka mlangoni.

“Miye ni Kampire. Muuaji wa kesho mupatie jina langu. Mama yako apumzike kidogo.”