Maneno Matatu Katika Faili la Marehemu Wacław Dudziak

Ndugu waombolezaji, naitwa Halina, binti wa kwanza wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, nami nitasoma, ingawa nina hasira, mtanisamehe.

Marehemu Wacław Dudziak alizaliwa tarehe 14 Machi 1921 katika kijiji jirani na Zborów, Poland, akasoma hapo hadi darasa la saba, vita vikamtoa kwao, akapigana Tobruk kule Libya, na Italia, na kwa kuwa kwao kulikuwa kumechukuliwa na Wasovieti, hakurudiki tena, Oktoba 1947 akashuka bandarini Hobart, akiwa na mkataba wa miaka miwili wa kujenga bwawa la umeme katika milima hii ya Tasmania, Australia.

Alichimba handaki la maji kambi ya Wattle Creek, ambako msimamizi alipiga marufuku Kipolandi kazini, eti wasimsengenye. Tarehe 9 Agosti 1949 baba aliona jabali linaachia juu ya wenzake watatu, akapiga kelele kwa Kipolandi, "Kimbieni!", wakakimbia, wakatoka wazima, na Mzee Marian Kozub, yule pale mbele, ni mmoja wao. Msimamizi akaja juu, "Hapa Kiingereza tu!", baba akamjibu, "Bosi, jabali lingenisubiri nikatafute kamusi?" Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Alifukuzwa siku hiyohiyo, faili likaandikwa "utovu wa nidhamu". Jamani, kuokoa watu ni utovu wa nidhamu?

Tarehe 26 Aprili 1952 alifunga ndoa hapa Hobart na mama yetu Genowefa, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Ryszard na Teresa. Alifagia soko miaka ishirini na tisa, kwani kila alipoomba kazi nyingine faili lilimtangulia. Aliwaandikia waajiri wa bwawa barua kumi na moja, kwa Kiingereza safi, akiomba maneno hayo matatu yafutwe, akajibiwa kwamba aliyeyaandika ameshakufa, kwa hiyo hayaguswi.

Vumbi la handaki lilianza kumsumbua mapafu mwaka 1979, akafariki tarehe 3 Juni 1988.

Leo asubuhi waajiri wake walewale wa bwawa wameleta shada kubwa, na kadi ya kumshukuru kwa kuijenga nchi. Aliomba maneno matatu yafutwe, mnamletea maua! Mama, na miguu yake hiyo mibovu, amelibeba mwenyewe hadi getini, akaliacha huko.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na wenzake wa sokoni, Mungu awabariki sana.

Baba, barua ya kumi na mbili nimeipeleka posta jana, mimi mwenyewe. Sasa pumzika.